Toyota IST ya 2002–2007 kwa matumizi ya Tanga
Kwa mizunguko ya Ngamiani, Chumbageni na Raskazone, IST ya kizazi cha kwanza inastahili pesa yako, ila fungua boneti usome kibati cha chesisi kwanza. Kikiandikwa NCP60, injini ni cc 1298; NCP61 ni cc 1496. Anayepanda Lushoto na familia achukue NCP61. Ile ndogo mlimani hukanyagwa sana, na mafuta uliyotaka kuokoa yanaishia hapo hapo. Zote zina cheni ya taimingi, si mkanda, lakini cheni inataka oili safi, kama lita 3.7 pamoja na filta. Iwashe asubuhi injini ikiwa baridi. Ukisikia mkwaruzo upande wa cheni, shusha bei au ondoka.

Adui mkubwa huku pwani ni chumvi. Ingia uvunguni na bisibisi, gonga kingo za chini ya milango, kagua mabomba ya breki. Kutu ya juu juu husuguliwa ikapakwa rangi. Chuma kikimeguka, achana na gari hilo kabisa!

Ukiagiza Japani, bei ya CIF (gari, bima na usafiri hadi bandarini) haijumuishi ushuru. Tumia kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato) kabla hujalipa, maana gari kuukuu lina tozo ya uchakavu.