Gari dogo la zamani huku Baltiki: shika hita kabla ya rangi

Usiku wa Jāņi mwaka juzi, ile sikukuu ya tarehe 23 Juni ambapo Riga nzima, mji mkuu wa Latvia, huhamia mashambani kuwasha moto na kula jibini yenye kisibiti, nilikuwa barabarani na Trabant yangu, kigari cha Ujerumani Mashariki ya zamani. Mvua inanyesha, kioo cha mbele kimejaa mvuke kama mfuniko wa sufuria ya wali. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nafuta kioo kwa kanga. Nikafungua hita. Ikaingia harufu ya ekzosi hadi macho yakaniwasha. Nikaifunga, nikashusha vioo, mvua ikaingia. Nilifika nimelowa kuliko waliokuja kwa miguu.

Gari lile nililinunua kwa sababu ya rangi. Bluu ya anga, bampa zinameta. Nilipigwa, basi.

Tangu nisimulie kisa hicho mnaniandikia mkiuliza mnunue gari dogo lipi la zamani. Dada mmoja wa Tartu, Estonia, anauliza kuhusu Mini, kaka wa Kaunas, Lithuania, amependa Volkswagen Beetle. Haya, ngoja niwapangie. Sitasema habari za kilomita wala injini, hayo fundi yeyote atakuambia. Mimi nina neno moja tu: hita. Na msinijibu kwamba gari la zamani halitoki majira ya baridi, wakati wa chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani. Najua, langu pia hulala kuanzia Oktoba. Lakini huku mvua ya baridi haina mwezi wake, na gari lisilokausha kioo ni hatari hata Julai.

Namba moja: Zhiguli, yaani Lada, hasa modeli ya 2101. Sifichi, ninaipenda. Wengine watasema si dogo kiasi hicho, na wapo majirani zangu wasiotaka hata kuliona gari la Kisovieti, nami siwalaumu. Lakini waliolitengeneza kuanzia 1970 walichukua Fiat 124 ya Italia wakaiandaa kwa theluji: bati nene zaidi, gari likanyanyuliwa juu, breki za diski za nyuma zikabadilishwa kuwa za dramu, na mbele pakaachwa tundu la kuwashia injini kwa hendeli betri ikigoma. Hita yake inakausha soksi miguuni. Magari ya ukoo huo yaliendelea kutoka kiwandani hadi 2012, kwa hiyo spea si za kuombea dua.

Ugonjwa wake ni mmoja, na hakuna anayeutaja: koki ya hita. Inakaa chini ya dashibodi, na ikichoka hudondosha maji ya rejeta miguuni pa abiria, tone kwa tone. Siku ya kuangalia gari, piga magoti. Nyanyua kapeti upande wa abiria, weka kiganja, kisha nusa vidole. Vikiteleza na kunukia utamutamu, koki imevuja. Koki yenyewe ni euro chache. Tatizo ni bati la chini, ambalo limekuwa likinywa maji hayo miaka yote huku muuzaji akipangusa dashibodi kwa mafuta ya kung'arisha.

Namba mbili, Mini ya asili, ya 1959 hadi 2000. Injini yake hupozwa kwa maji kwa hiyo hita ni ya kweli, ila zile za mwanzo kabisa za bei nafuu hita ilikuwa ya kulipia zaidi, hakikisha ipo. Nyingi zimetoka Uingereza, usukani kulia kama nyumbani. Lithuania ilikuwa ikidai usukani uhamishiwe kushoto ndipo isajili, mpaka mahakama ya Umoja wa Ulaya ilipoikatalia Machi 2014. Ukikuta usukani uliohamishwa enzi hizo, uliza nani alihamisha.

Namba tatu, Beetle. Kaka wa Kaunas, sikiliza: hewa ya moto hupita ndani ya vizingiti vya milango. Vizingiti vikishaoza, unaipasha joto barabara. Na vizingiti vilivyozibwa kwa bati jipya juu ya bovu huwezi kuviona, lakini weka mkono kwenye tundu la hewa injini ikiwa moto, utajua.

Namba nne, Trabant 601, mpenzi wangu msaliti. Bodi ni resini na pamba, haili kutu, na hilo ndilo wanalokuimbia. Hawakwambii kwamba fremu iliyo chini yake ni chuma, na kwamba joto la ndani linachukuliwa kwenye ekzosi. Ekzosi ikitoboka, unavuta moshi.

Wenye mfuko mwepesi kuna Fiat 126p ya Poland, injini nyuma, joto linafika mbele limechoka. Na kuna Zaporozhets, kigari kingine cha Kisovieti, yenye hita yake inayochoma petroli peke yake. Inapasha kweli. Mimi silali na jiko la petroli kwenye gari.

Na bei jamani! Gari likitimiza miaka 30, ule umri wa kuhesabiwa la kihistoria, mkweche uliokuwa ukifugia kuku unageuka urithi wa taifa. Kila tangazo ni lile lile: gereji kavu, mwenye nalo mzee mmoja, hajaliendesha kwenye mvua. Wazee wa namna hiyo wangekuwepo wote, nchi hizi zisingekuwa na nafasi ya vijana.

Wiki iliyopita nilienda mji wa Ogre, hapa Latvia, kuona 2101 ya rangi ya maziwa. Nikamwomba muuzaji awashe hita. "Injini bado ya baridi," akasema. Nikamwambia nitasubiri. Nikapiga magoti, nikanyanyua kapeti, nikakaa nalo mkononi. Dakika ishirini hatukusemeshana. Kisha akapunguza euro 300, na mimi sikuwa nimeomba.