TAHADHARI: Magitaa ya umeme "ya mtoto" yanayouzwa kwa picha, Unguja na Pemba

Wavyele wenzetu, kabla hamjatuma pesa ya gitaa la umeme la mtoto, someni hapa kwanza. Sikukuu ikikaribia, makundi ya WhatsApp hujaa matangazo ya aina moja: gitaa dogo linalong'aa, amplifaya pembeni, waya, mfuko, na maneno "seti kamili, miaka 5 mpaka 12, original, zimebaki mbili". Picha huwa ya gitaa la kweli. Kinachofika ni kitu cha kuchezea chenye umbo la gitaa, au gitaa la mtu mzima ambalo mtoto wa skuli ya msingi hawezi kufikisha mkono kwenye freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo). Na hiyo "miaka 5 mpaka 12" yenyewe ni uongo, kwani watoto hao hawavai kiatu kimoja.

Chukueni futi ya fundi cherehani. Pimeni kuanzia kile kipande cheupe chenye mifereji ya nyuzi, mwanzo wa shingo, mpaka kwenye chuma cha freti ya 12 (kwa kawaida ndiyo yenye vidoti viwili, pimeni mpaka kwenye chuma, si kwenye vidoti). Squier Mini hutoa kama sentimita 28.9, Ibanez miKro kama 28.2. Hayo ndiyo magitaa ya mtoto wa miaka 6 mpaka 10 hivi. Stratocaster kamili, gitaa la mtu mzima, hutoa 32.4. Muuzaji akisema "dogo" na futi ikasema 32, hilo si dogo. Mtoto atanyoosha mkono, kiganja kitapinda, vidole vitauma, na baada ya wiki mbili gitaa litakuwa nyuma ya kabati.

Msiiweke futi chini bado. Kutoka freti ya 12 mpaka kwenye daraja, pale nyuzi zinapoegemea, urefu uwe karibu sawa na ule wa kwanza. Milimita chache za ziada ni kawaida, khasa upande wa nyuzi nene. Ikizidi au ikipungua sentimita nzima, freti zimepangwa ovyo na gitaa hilo halitaimba sawa hata likipewa fundi gani. Mtoto anayejifunzia hapo sikio lake linazoea sauti ya uongo, na hilo ndilo linalotuuma zaidi kuliko pesa.

Kipimo cha pili ni klipu ya karatasi. Gitaa la umeme husikia nyuzi kwa sumaku zilizo kwenye pikapu chini ya nyuzi. Klipu ikisogezwa pale ivutwe. Isipovutwa, mara nyingi hiyo ni plastiki iliyochorwa mfano wa pikapu, na ndani mna spika ndogo na betri. Nyuzi nazo ziwe za chuma, kwa sababu sumaku haizisikii nyuzi za nailoni. Angalieni na tundu la waya: la kweli ni pana, milimita 6.35. Likiwa dogo kama la iafoni za simu, rudisheni.

Jina kwenye kichwa cha gitaa lisiwababaishe. Squier ni jina ambalo Fender, kampuni ya magitaa ya Marekani, hulitumia kwa magitaa yake ya bei nafuu, na hakuna aibu kuanza nalo. Lakini Fender mpya iliyotengenezwa Corona, California, huko huko Marekani huuzwa zaidi ya dola 1,000, kwa hiyo anayeiuza kwa bei ya baiskeli ya mtoto anauza stika.

Amplifaya ndiyo inayoweza kuleta hatari nyumbani. Vyombo vya mtumba vinavyoshushwa hapa vingine vinatoka Japani, ambako umeme ni volti 100, au Marekani, volti 120. Sisi ni 230. Muuzaji hubadilisha plagi tu, akaweka ya pini tatu, mnunuzi akaona mambo sawa. Ukiwasha, ikibahatika fyuzi inakatika. Isipobahatika transfoma inapata moto, inanuka na kutoa moshi, na mtoto amekaa pembeni yake. Igeuzeni, msome nyuma. Pawe pameandikwa 220, 230 au 240. Pakiandikwa 100 au 120 peke yake, iacheni, labda muwe na transfoma ya kushusha umeme. Kwa chumba cha mtoto wati 10 zinatosha kabisa.

Likifika mkononi, pangeni kadi za benki juu ya freti ya 12, chini ya uzi mnene. Kadi mbili zipite. Zikipita nne bila kugusa uzi, nyuzi ziko juu mno na vidole vya mtoto havitaweza. Hilo mara nyingi hurekebishika kwa skrubu za daraja, basi litumieni kupunguza bei. Piteni kiganja pembeni mwa shingo; freti zikikwaruza, zitamkata. Futeni nyuzi kwa kitambaa cheupe: kikitoka na rangi ya kutu, dai nyuzi mpya. Kwa shingo fupi takeni nyuzi za unene wa 10-46 (namba huandikwa kwenye pakiti), maana zile nyembamba za 9-42 hulegea na kuvuma. Gitaa lenye mkono wa kutikisa daraja linalocheza huku na huku si la mwanagenzi, lapoteza sauti kila mara.

Kwa walioko Pemba, ambao hawawezi kwenda Darajani kushika mali kwa mkono: msitume "nusu ya kupandishia boti". Ombeni video, si picha, yenye karatasi ya tarehe ya leo, futi ikiwa juu ya shingo, klipu ikining'inia kwenye pikapu, na waya ukichomekwa mpaka sauti itoke. Jina linalotokea kwenye simu wakati wa kulipa lifanane na la muuzaji. Akisema namba ni ya shemeji yake, simamisheni hapo hapo.

Aliyekwishatuma, asifute mazungumzo. Hifadhi risiti ya muamala na picha ya tangazo, piga simu mtandao wako mara moja uombe muamala uzuiwe, ripoti namba hiyo kwa 15040, kisha nenda polisi na simu yenyewe mkononi.