Vikao vya maoni ya bajeti ya kaunti: je, vinaokoa dawa za zahanati?

Ukitaka kuzuia kaunti yako nchini Kenya isikate pesa za afya, utaelekezwa kwenye vikao vya kukusanya maoni ya umma. Ni haki yako chini ya kifungu cha 196 cha Katiba. Vinasaidia, lakini kile kinachojaa watu ndicho dhaifu kuliko vyote.

Umati huja kujadili makadirio ya bajeti, ambayo hufikishwa bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Kufikia hapo idara ya afya imeshawekewa kikomo. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 haziruhusu bunge kupandisha au kushusha fungu la idara kwa zaidi ya asilimia 1, na kila shilingi inayoongezwa lazima ipunguzwe kwingine. Kwa hiyo mama anayesimama Mei kulalamika kwamba zahanati haina hata dawa ya malaria anaandikwa, anashukuriwa, na hesabu haisogei. Inauma, kwa sababu anasema kweli.

Pigania Februari. Mkakati wa fedha wa kaunti huwasilishwa kufikia tarehe 28, na bunge lina siku 14 tu za kuupitisha. Vikomo vinawekwa humo.

Usitegemee kuzungumza pekee. Andika waraka wa ukurasa mmoja, upeleke kwa karani wa bunge, na nakala yako igongwe muhuri. “Ongezeni pesa za afya” haimsaidii MCA (mjumbe wa bunge la kaunti) yeyote. Andika hivi, kwa mfano: dawa za zahanati na vituo vya afya, mwaka huu milioni 60, pendekezo milioni 42, rudisheni milioni 18 kutoka fungu la safari na ukarimu. Bila kutaja pesa zitatoka wapi, ombi hufia kwenye kamati.

Jihadhari na jumla. Bajeti ya afya inaweza kupanda huku dawa zikishuka, kwa kuwa mishahara imemeza nyongeza yote. Soma mstari wa dawa, kisha uulinganishe na ripoti ya Msimamizi wa Bajeti, ofisi ya kitaifa inayofuatilia matumizi ya bajeti: pesa zilizoidhinishwa ni jambo moja, zilizotumika ni jingine.

Kasoro kubwa ni stakabadhi za bajeti. Mara nyingi huja zikiwa zimechelewa, nene, na kwa Kiingereza kitupu. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu, kwa hiyo omba mapema Januari.

Nyota nne kwa Februari, moja kwa Mei. Bajeti ya ziada siipi hata moja: huletwa katikati ya mwaka kwa notisi fupi, na pesa za dawa mlizozipigania zinaweza kuhamishwa humo. Muulize karani kila mwezi kama imewasilishwa, na waraka wenu uwe tayari.