TAHADHARI: Anayejiita mtu wa "ruzuku ya kantangaze" (yule nondo anayemaliza nyanya) yuko Kigamboni

Jana nimelia, leo nina hasira. Wanawake kumi na wawili tumetapeliwa 1,020,000, kila mmoja 85,000, na mimi ndiye niliyewaita wenzangu. Mama Zai, nisamehe, nasema mbele ya wote.

Alikuja shambani kwangu Kibada Jumanne saa nne asubuhi. Kikoti cha kaki, kitambulisho shingoni, faili lenye ngao ya taifa. Hakuomba kitu. Aliingia matutani, akachuma jani la nyanya, akaliinua juani, akanionyesha ile njia nyeupe na kifunza kikiwa humo humo. "Mama, kantangaze yuko ndani ya jani. Ukimpigia dawa ile ile kila wiki unamzoesha tu." Ndivyo bwana shamba alivyotufundisha, neno kwa neno! Akaeleza mitego ya feromoni, yaani harufu ya jike, inayonasa madume, kung'oa masalia na kuyafukia, kutorudia nyanya wala bilinganya kwenye eneo lile lile. Yote ni kweli. Na mnajua msimu uliopita nilivuna matenga manne tu. Mtu anamjua adui yako hivyo, utamshukuje?

Akasema Serikali inatoa ruzuku ya udhibiti husishi wa visumbufu, yaani kupambana na wadudu kwa njia nyingi kwa pamoja, si dawa peke yake: milioni 3 kwa kila mkulima, mitego ishirini, mafunzo siku mbili. Niliamini kwa sababu ruzuku ya mbolea tuliipata kweli. Tulijiandikisha, namba ikaja kwenye simu, mfuko tukanunua kwa bei ya chini. Nikajua na hii ni hivyo hivyo. Tena tapeli huyu alimtaja hata mjumbe wetu kwa jina, na habari ya mguu wa mjumbe anaijua.

"Ada ya kufungua faili ni 85,000, mwisho leo saa kumi." Nimesimama chini ya mwembe, nabonyeza simu, likatokea jina la mwanamke. Nikasita. Akasema, "Huyo ni mhasibu wetu, mama, usiogope." Nikaweka namba ya siri. Kwa kidole changu hiki. Halafu nikaanza kuwapigia wenzangu mmoja mmoja, naye amekaa kwenye ndoo yangu anakunywa maji yangu.

Tangu Ijumaa hapatikani. Ile chupa aliyoniachia, eti feromoni ya mfano, haina lebo, na mpaka leo haijanasa nondo hata mmoja.

Huyu afungwe! Sitaki kusikia karudisha hela kaachiwa. Ile ilikuwa ada ya shule ya watoto, ya mwingine nauli ya kliniki. Akamatwe na huyo "mhasibu" wake pia, na aliyempa habari za mtaa wetu ajulikane.

Dalili zilikuwepo. Malipo ya Serikali yana kontroo namba, ile namba maalumu ya kulipia, hayaendi kwenye simu ya mtu. Haraka ile. Na nilipotaka kumpigia afisa ugani wa kata akanizuia, "atataka chake". Pale ndipo ningemkamata shati.

Namba yake nimeshaituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Kesho saa mbili asubuhi naenda kituo cha polisi. Mliolipa Kisarawe II na Kimbiji, meseji za muamala msizifute, njooni nazo.