Anamkimbia rafiki yake! Sanduku la DVD la Doctor Who, msimu wa tatu

Haya wadau, mambo vipi, karibuni tena. Leo mkononi nina hili hapa, ngoja kamera ishike vizuri... eeh, hapo. Doctor Who, ile tamthilia ya Uingereza ya kusafiri kwenye wakati, msimu wa tatu, sanduku la DVD. Vipindi 13, David Tennant na Freema Agyeman, vilirushwa Uingereza mwaka 2007. Limenifikia ndani ya begi la binamu yangu, limebanwa kati ya chokoleti na viatu vya watoto, ndiyo maana mnaona kona imepasuka. Diski zenyewe salama.

Tumalize ya bidhaa haraka. Diski za Uingereza ni za kanda namba 2, yaani eneo la dunia ambako diski imeruhusiwa kuchezwa, na huku kwetu tuko kanda namba 5. Deki inayofuata sheria itazitema. Yangu ni ya bei chee, haina habari na kanda, inameza chochote. Ukitumia kompyuta, angalia: kiendeshi kinakuruhusu kubadili kanda mara 5 tu, halafu kinagoma moja kwa moja. Manukuu yapo, ya Kiingereza, usitegemee sauti ya DJ anayekutafsiria pembeni. Picha kwenye televisheni kubwa za siku hizi inalegea kidogo. Basi.

Sasa nilichotaka kusema. Mdau mmoja aliniuliza, huyu Daktari, shujaa wa tamthilia, mbona mpole kwa kila kiumbe, hata majitu yenye mikia anayaomba radhi, lakini akimwona Kapteni Jack anatimua mbio? Jibu limo humuhumu, kipindi cha 11, Utopia.

Kwa mgeni, kwa kifupi. Daktari si binadamu, ni Time Lord, anasafiri kwenye wakati ndani ya kile kibanda cha bluu, TARDIS. Jack Harkness, John Barrowman huyo, alikuwa msafiri mwenzake msimu wa kwanza, 2005. Akapigwa risasi na Dalek, mmoja wa maadui wakubwa wa Daktari, akafa kifo halali kabisa. Rose, msafiri mwingine wa Daktari, aliyekuwa amebeba nguvu zote za wakati kichwani, akamrudishia uhai. Tatizo Rose hakujua kupima. Ni kama kumwomba mtu chumvi kidogo akamwaga pakiti nzima. Jack akarudishwa milele. Na alipofika pale kibanda kilipo, kibanda ndiyo kinayeyuka hivyo, kinaondoka. Kaachwa.

Akajaribu kurudi kwa kifaa chake cha mkononi cha kusafiria wakati, kikamtupa mwaka 1869 kikaungua. Ikabidi aishi karne nzima ya 20, siku baada ya siku, akimsubiri mtu mmoja. Mwaka 1892 akapigwa risasi ya moyo huko Ellis Island, Marekani, akaamka, ndiyo akaanza kushtuka kwamba ana walakini.

Sasa tazameni Utopia inavyoanza. TARDIS imetua Cardiff, mji wa Wales, kujaza nguvu. Jack anakuja mbio, begi mgongoni, anaita kwa sauti yote. Daktari anamwona kwenye skrini. Anamwona kabisa! Anavuta mtambo, anaondoka. Jack anaruka, anang'ang'ania nje ya kibanda, na kibanda kinakimbia hadi mwaka wa trilioni 100, mwisho wa ulimwengu, kikijaribu kumkung'uta kama ng'ombe anavyokung'uta nzi. Wanatua, Jack maiti. Martha, ndiye Freema Agyeman, msafiri mwenza wa msimu huu na mwanafunzi wa udaktari, anamsikiliza moyo, anasema amekufa, mara maiti inavuta hewa kwa kishindo na kuanza kumtongoza. Mama mdogo alikuwa anapita sebuleni na sinia, akasimama: "Huyo si msukule huyo?" Nikamwambia hapana mama, msukule ni aliyechukuliwa, huyu amerudishwa mno. Akaniangalia tu, akaenda zake.

Tukio lenyewe nimelirudia mara nne. Kuna chumba kimejaa mionzi, binadamu akiingia anayeyuka. Jack anajitolea, maana ataingia na atatoka. Anaanza kuvua nguo, Daktari anamwambia mionzi ile haili nguo, inakula nyama tu. Jack anasema lakini napendeza hivi. Kisha, mkono kwenye mlango, anauliza: umejua tangu lini? Daktari anamjibu, tangu siku niliyokukimbia. Hapo sauti yake haina utani hata chembe.

Jack anaingia. Anakaza mitambo, mmoja baada ya mwingine, na wanaongea kupitia kioo cha mlango. Daktari anamweleza: kumtazama tu kunamuumiza, ni silika, iko tumboni. Time Lord anaona wakati kama sisi tunavyoona maji: huku yanapita, kule yanapinda, pale yanaweza kuzibwa. Halafu ndani ya maji yale kuna msumari, haupindi, hauondoki. Msimu unaofuata mtaona Pompeii, mji uliofukiwa na volkano, na mwaka 2009 kuna kituo kile cha Mars, matukio ambayo hata yeye hana ruhusa kuyagusa. Lakini hayo ni matukio, unayakwepa, unaenda zako. Jack ni msumari wenye miguu, unatembea, unacheka, unakufuata.

Jack anamuuliza, kwa hiyo una ubaguzi? Daktari anakiri hakuwahi kulifikiria hivyo. Kisha anamuuliza Jack kama anataka kufa. Na Jack, badala ya kujibu papo hapo, anasema kwanza mtambo huu umekwama kidogo. Ndugu zangu, hapo nilibonyeza kusimamisha. Mtu ameulizwa swali la miaka zaidi ya mia, anaanza na habari ya mtambo!

Sasa mimi hoja ya silika naikubali nusu. Damu zao haziendani, sawa. Lakini kabla ya hapo, Jack alipomwambia uliniacha, Daktari alijibu nini? Kwamba maisha yana shughuli nyingi. Hiyo si kauli ya mtu anayeumwa tumbo, hiyo ni kauli ya mtu mwenye aibu, sote tunaijua, ndiyo tunayompa ndugu ambaye hatukupokea simu zake. Na ushahidi wangu uko kipindi cha 13. Baada ya mwaka mzima wa mateso mikononi mwa Master, Time Lord mwingine aliye adui, Daktari yuleyule anamwambia Jack twende pamoja. Jack bado ni msumari, hajabadilika hata unywele. Kama ni silika tu, imeenda wapi? Safari hii Jack ndiye anayekataa, ana timu yake inamsubiri Cardiff.

Halafu mwaka 2015, Daktari akiwa sasa anaigizwa na Peter Capaldi, anakutana na Ashildr, msichana aliyemfanya asife kwa mikono yake mwenyewe. Anamkatalia kusafiri naye. Habari za tumbo hapo hazipo kabisa. Sababu yake ni kwamba wawili wanaoishi mno wakikaa pamoja watasahau thamani ya kitu kidogo, wanahitaji watu wa maisha mafupi wawakumbushe. Hii naiamini zaidi. Kwa Jack anaona uso wake mwenyewe, ila usiobadilika na usio na pa kukimbilia.

Haya, ninunue au nisinunue? Kama unapenda Jack, nunua, ila usianze na Utopia, tazama kwanza vipindi vyake vya 2005, la sivyo zile mbio za Cardiff utaona ni mtu kachelewa daladala. Hili langu siuzi, msiniulize. Mama mdogo amefika kipindi cha nane, na deki ameihamishia chumbani kwake.