Siku ya Hijabu Duniani: meza nzuri, tangazo lililozidi

Kila ifikapo 1 Februari, katika kumbi za vyuo, maktaba na misikiti ya miji mingi huwekwa meza yenye mitandio, na mwanamke yeyote, Mwislamu au asiye Mwislamu, hukaribishwa afungwe ushungi na ashinde nao mpaka jioni. Ukiondoa mabango, hiyo ndiyo Siku ya Hijabu Duniani. Aliianzisha Nazma Khan wa New York, mzaliwa wa Bangladesh, mwaka 2013. Maelezo yake ni kwamba shuleni alidhihakiwa kwa sababu ya mtandio, akataka wengine waonje yanayomkuta mwenye kuuvaa.

Hapa tunaipima kama huduma nyingine yoyote: kuna anayeitoa, kuna mteja, na kuna kasoro. Meza ikiandaliwa na mtu anayejua kazi, ni huduma nzuri. Tangazo linaloizunguka ni dhaifu. Ugomvi mwingi magazetini kila Februari unatokana na waandishi wanaopima kimoja na kukitolea hukumu kingine.

Tuanze na meza. Ubora wake unajulikana kwa vikofia. Anayeandaa mara ya kwanza hununua mitandio ya kupendeza akasahau kikofia cha ndani, kile cha pamba kinachobana nywele na kukishika kitambaa cha juu. Bila hicho shifoni huteleza tu, maana chini kuna nywele zenye mafuta na juu kuna kitambaa laini. Baada ya robo saa mtandio uko kisogoni, na mgeni anaondoka akiamini kwamba wenye hijabu hushinda wakiupandisha mchana kutwa. Wageni hamsini wanataka vikofia hamsini, na kilichovaliwa kisiguse kichwa kingine kabla hakijafuliwa. Mitandio inaweza kupungua kidogo, kwa sababu wapo watakaokuja na yao.

Kwa anayeanza, mtandio wa mstatili wa sentimita 180 kwa 70 hivi unatosha, uwe wa pamba nyepesi au viskosi. Kitambaa cha kuvutika, mfano wa fulana, hukaa vizuri hata kwa pini moja, lakini kina joto, na kwa Dar es Salaam au Mombasa, Februari bado ni kaskazi. Poliesta nzito isiletwe kabisa.

Nywele zibanwe chini, kisogoni. Fundo la utosini huuvuta mtandio nyuma kila mgeni anapoinama. Kikofia kifike pale nywele za paji zinapoanzia. Kisha mtandio uwekwe kichwani, upande mmoja mfupi, kama theluthi moja, na mwingine mrefu. Pande hizo zikutane chini ya kidevu zibanwe pini, ila pabaki nafasi ya vidole viwili. Ukikaza zaidi ya hapo mgeni atameza mate kwa shida, na lawama ataipeleka kwa dini badala ya kwa aliyemfunga. Upande mrefu uzungushwe juu ya kichwa ubanwe karibu na sikio, na mfupi utandazwe kifuani. Ukilibana sikio lenyewe, kwa saa kadhaa atasikia nusu nusu na kichwa kitamuuma. Mkono uliozoea humaliza kwa dakika nne, kwa hiyo msaidizi mmoja ni wa watu kumi na tano kwa saa. Meza nyingi hukwama hapo: foleni inakuwa ndefu, mikono inaharakishwa, na wa mwisho mwisho wanatoka na mitandio inayoanguka mlangoni.

Kuhusu pini hatutanii. Anayefunga hupenda kuzishika kwa midomo ili mikono iwe huru. Akicheka au akikohoa, pini huingia kwenye njia ya hewa. Ni ajali inayojulikana kiasi kwamba madaktari wa nchi zenye wavaaji wengi wameiandikia ripoti za kitabibu. Kipande cha sponji cha kuzichomekea kinamaliza tatizo, na kukikosa ni uzembe.

Sasa tangazo. Linaahidi kwamba mgeni ataonja maisha ya mwenye hijabu, na hilo halitokei. Anajua kwamba jioni ataivua, wenzake kazini wanajua hivyo hivyo, basi kinachompata ni tabasamu na picha za simu. Yanayomkuta mvaaji wa kila siku huja polepole: maombi ya kazi yasiyojibiwa, swali lile lile la "husikii joto?" kwa mara ya mia mbili. Anachopata mgeni ni kidogo, lakini si cha uongo. Anajua kitambaa kina uzito gani na sauti zinafikaje masikioni, na amezungumza dakika nne na mwanamke ambaye pengine angempita tu barabarani. Tangazo lingesema hayo tu, lingetosha.

Badala yake mwaka 2019 waandaaji walitumia kaulimbiu ya #FreeInHijab, yaani huru ndani ya hijabu. Hapo huduma ya kujaribu kitambaa iligeuka dai kuhusu maisha ya wanawake wote wanaokivaa, na wenye dai la kinyume hawakukawia. Yasmine Mohammed wa Kanada, mwandishi aliyeuacha Uislamu, huendesha No Hijab Day, yaani siku bila hijabu, tarehe hiyo hiyo. Mapema zaidi, Desemba 2015, Asra Nomani na Hala Arafa, Waislamu wote wawili, waliandika katika Washington Post wakiwaomba wanawake wasio Waislamu wasivae hijabu kwa jina la mshikamano, kwa hoja kwamba kufanya hivyo kunaipa nguvu tafsiri moja ya dini dhidi ya nyingine. Mwandishi anayewaita hawa wote "maadui wa Uislamu" hajasoma walichoandika.

Wakosoaji hukumbusha pia kwamba 1 Februari 1979 ndiyo siku Khomeini, kiongozi wa mapinduzi ya Kiislamu ya Iran, aliyorejea Tehran. Tarehe ni ya kweli. Lakini tarehe mbili kugongana si ushahidi wa nia, na habari inayoweka sadfa hiyo kwenye sentensi ya kwanza imeshamhukumu mtu.

Na kuna kuchanganya siku. Ya Nazma Khan si siku ya Umoja wa Mataifa. Ni ya shirika binafsi. Ya Umoja wa Mataifa iliyo karibu nayo kwa maudhui ni 15 Machi, siku ya kupinga chuki dhidi ya Uislamu, iliyopitishwa 2022. Kuna ya 4 Septemba, ya mshikamano na hijabu, iliyotokana na mkutano wa London wa 2004 baada ya Ufaransa kupiga marufuku alama za dini zinazoonekana wazi katika shule za serikali. Na Iran ina ya kwake katikati ya Julai, ya hijabu na staha, inayosimamiwa na dola yenyewe. Kuichukulia hiyo ya mwisho kuwa sawa na meza ya maktaba ya New York ni kosa kubwa, maana Iran mtandio ni sheria tangu 1983, na Mahsa Amini, msichana wa miaka 22, alifariki 16 Septemba 2022 baada ya kukamatwa na polisi wa maadili kwa madai ya kutouvaa ipasavyo. Kosa la upande wa pili ni kuandika kana kwamba kulazimishana kuko Tehran peke yake. Quebec, jimbo la Kanada, kwa sheria ya 2019, mwalimu wa shule ya serikali mwenye hijabu anazuiwa kuivaa kazini. Basi taja nchi, taja mwaka wa sheria, useme inaamrisha au inakataza. Ukiandika "wanawake wa Kiislamu" bila mahali, sentensi yako haiwezi kuwa ya haki hata ukiongeza "hata hivyo" ngapi.

Usawa wenyewe hauji kwa kumpa kila upande aya moja. Chukua suala la wajibu. Wanazuoni wa madhehebu manne ya Sunni, na wa Shia pia, kwa jumla wanaona kufunika nywele ni wajibu wa mwanamke aliyebaleghe. Wapo Waislamu, wasomi wakiwamo, wanaoisoma tofauti aya ya 31 ya Sura An-Nur. Uzito wa pande hizo haulingani kwa idadi, na msomaji aambiwe hivyo. "Uislamu unaamuru" na "ni utamaduni tu wa Waarabu" zote ni hukumu za mwandishi zilizovishwa nguo ya taarifa.

Kiswahili kina mitego yake, na ndiko habari zetu huharibikia zaidi. Tazama sentensi hii ya kawaida: "Wanawake wa dini mbalimbali jana walijistiri kuonyesha mshikamano." Kujistiri ni sifa. Ukiwapa hao, ambao hawakuvaa umewaacha wazi bila kutamka. Igeuze iwe "walifunikwa vichwa", na sasa wamekuwa mizigo, hakuna aliyeamua kitu. "Walifunga ushungi kwa siku moja" inaeleza kilichotokea na kuishia hapo. Mtandio ni kitambaa, ushungi ni namna ya kukifunga kichwani, hijabu ni vazi pamoja na maana yake ya dini, buibui ni lile la mwili mzima, nikabu ndiyo inayofunika uso. Picha ya mwenye nikabu juu ya habari ya mtandio ni kosa, hata kama mhariri wa picha hakuwa na nyingine. Na "ninja" iachiwe vijiwe; Nazma Khan mwenyewe anasema ni moja ya majina aliyotupiwa shuleni.

Sababu za matukio nazo zichunguzwe. Desemba 2015 Larycia Hawkins, profesa Mkristo wa chuo cha Wheaton, Marekani, alivaa hijabu kwa mshikamano, chuo kikamsimamisha kwa muda. Wengi wanalikumbuka tukio hilo kama adhabu ya kuvaa hijabu. Chuo kilisema tatizo ni kauli yake kwamba Waislamu na Wakristo wanaabudu Mungu mmoja. Unaweza kutilia shaka maelezo ya chuo, lakini huwezi kuyafuta. Karibu zaidi na kwetu, Januari 2019 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitengua uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa 2016 uliowaruhusu wanafunzi wa shule ya Isiolo inayodhaminiwa na Kanisa la Methodist kuvaa hijabu. Wanaosema "Mahakama ya Juu ilipiga marufuku hijabu" wameruka kiini chake: majaji walio wengi waliona kwamba ombi lililobeba dai hilo halikufikishwa mahakamani kwa utaratibu unaotakiwa.

Kwa chuo au ofisi inayofikiria kuweka meza mwakani, ushauri wetu ni iwekwe, ila bango la kaulimbiu libaki stoo. Pasiwe na daftari la mahudhurio, wala picha za mtu asiyeridhia. Aliyekataa kujaribu asiombwe mara ya pili, Mwislamu asiyevaa asiulizwe kwa nini, na anayevaa kila siku asigeuzwe msemaji wa umma mzima. Juu ya meza iwekwe kadi yenye jina la aliyeandaa, sentensi isemayo kujaribu ni hiari, na mahali pa kurudisha mtandio. Kikofia aende nacho.