Safari ya siku moja Longonot: mlima nyota tano, usafiri nyota mbili

Naona watu wengi wanauliza kama hii safari ya kupanda Mlima Longonot, huko karibu na Naivasha, inafaa, wacha niseme nilivyoona mimi. Mlima unafaa sana. Kampuni iliyotupeleka, hapana.

Tuliambiwa gari linatoka Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, likatoka saa tatu kasoro kwa sababu walikuwa wanangoja viti vijae, na Longonot ukianza kupanda jua likiwa limeshachomoza vizuri utaumia, maana huko juu hakuna kivuli, hakuna maji, na njia yenyewe ni jivu la volkano ambalo mvua imelichimba mpaka kuna mahali unatembea ndani ya mtaro, unakanyaga unateleza, unakanyaga tena unateleza, na vumbi linaingia hadi ndani ya soksi. Chakula cha mchana tulichoahidiwa kikawa ndizi na kachupa kadogo ka maji. Hiyo si sawa jameni, watu wamelipa.

Aliyefanya nisisikitikie pesa yangu ni kijana wa Kimaasai tuliyemchukua pale getini atuongoze. Kabla hatujaanza kupanda alitusimamisha akasema tuangalie mlima kwanza, tukaona zile mbavu zinazoshuka kutoka ukingoni mpaka chini na mabonde membamba katikati yake, ndo maana wazee wao wakauita Oloonong'ot, mlima wa migongo mingi mikali, halafu kwa ramani ikaandikwa Longonot. Nimepita hiyo barabara ya Mai Mahiu tangu utotoni na hakuna mtu aliwahi kunionyesha hiyo kitu.

Kutoka getini hadi ukingo wa kreta, yaani lile shimo la volkano huko juu, ni kama kilomita 3, na hapo wengi wanapiga picha wanageuka. Msigeuke! Kuzunguka kreta yote ni kilomita 7 na kidogo, inapanda na kushuka, kuna sehemu njia ni nyembamba kweli huku na huku mteremko, lakini ndo utamu wenyewe. Chini ndani ya kreta kuna msitu wa miti mifupi, kijani kabisa wakati huku juu nyasi zimekauka, na yule kijana akatuelekeza kidole kwa ukuta wa ng'ambo mpaka tukaona mvuke mweupe unatoka kwenye mwamba, pole pole, unapotea, unatoka tena. Huo mlima haujafa, inaaminika ulilipuka mara ya mwisho miaka ya 1860. Akatueleza pia kwamba zamani hapo palikuwa na volkano kubwa zaidi ikaporomoka ikaacha shimo kubwa, na huu tunaoupanda ukaota katikati ya shimo hilo. Kileleni, Kilele Ngamia, mita 2,776, unaona Ziwa Naivasha lote upande mmoja na Mlima Suswa upande wa kusini.

Kwa hivyo ushauri wangu, achaneni na kampuni. Pandeni matatu ya Naivasha inayopitia Mai Mahiu, shukeni Longonot, boda mpaka getini, kiingilio mlipe kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, kabla ya kufika. Mfike asubuhi mapema, kila mtu abebe maji yake ya kutosha kabisa na viatu vyenye meno, maana kushuka ndo watu wanaanguka. Na mchukue muongozaji wa hapo hapo, mumlipe vizuri.